Nani Anaimba Humo?

Wapenzi wa muziki wa filamu wana ubishi wao usiokwisha: kipi bora, albamu unayoishika mkononi, kaseti au CD yenye jalada lake, au faili unalolipakua na kukaa nalo kwenye simu? Kwingineko ubishi huo huishia kwenye ubora wa sauti, bei na nafasi ya kabatini. Sisi wa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, tulilazimika kulijibu swali hilo tukiwa tumesimama mlangoni. Mwaka 1995, vita vilipofika mitaa yetu, kila nyumba iliamua kwa haraka kibebwe nini na kiachwe nini. Watu walibeba unga, blanketi, sufuria, vyeti vya ubatizo na vya shule. Rafu ya kaseti hakuna aliyeibeba.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi redio, na rafu yake ilijulikana avenyu nzima. Alikusanya aina moja tu, nyimbo zilizotoka kwenye filamu. Alikuwa na La Vie est belle, filamu ya mwaka 1987 ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy, ambamo Papa Wemba anaigiza kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kuutafuta muziki wa magitaa ya umeme. Alikuwa na Sarafina! ya mwaka 1992, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema kuhusu wanafunzi wa Soweto. Alikuwa na The Lion King, iliyotoka mwaka 1994 na bado ilikuwa mpya masikioni, ambayo sisi watoto tuliipenda kwa kuwa wanyama wake waliitwa kwa majina tuliyoyaelewa. Kaka alikuwa akisema kwamba wimbo wa filamu unausikiliza mara moja na kuutazama mara ya pili, macho yakiwa yamefumbwa.

Siku ya kuondoka alifungua redio, akachomoa kaseti iliyokuwemo, akaitia mfukoni. Ilikuwa Sarafina!. Ganda lake, na ile karatasi iliyokunjwa ndani, vikabaki mezani.

Tulipita Uvira, upande wa Kongo, kisha tukavuka ziwa hadi Kigoma, Tanzania. Huko, katika kambi ya wakimbizi, kaseti ile ilichezwa mpaka herufi za ubavuni zikafutika. Mkanda tuliurudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa mawe ya redio. Wageni walikuja kusikiliza, na kila mgeni alikuja na swali lilelile: nani anaimba humo? Sauti ya Miriam Makeba, anayeigiza mama yake Sarafina, wazee waliitambua bila shida. Ile ya msichana ikawa fumbo. Wengine waliapa ni Yvonne Chaka Chaka. Wengine walisema ni yule mwalimu wa kwenye filamu, yaani Whoopi Goldberg. Anayeigiza Sarafina na kuimba ni Leleti Khumalo, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyobaki Kinama. Mimi nililijua miaka mingi baadaye. Kwa muda wote huo binti yule alituimbia jioni baada ya jioni, katika maisha ambayo hayakuwa na mengine mengi ya kufurahia, na hatukuweza hata kumtaja kwa jina lake tukimshukuru.

Nimeyakumbuka hayo kila niliposikia vijana wakibishana kuhusu CD na flashi. Sauti inaweza kuokoka na majina yakapotea. Hilo ndilo jambo ninalolipima mimi kabla ya bei, kabla ya ubora, kabla ya nafasi.

Kigoma mjini kulikuwa na mabanda ya video ambamo filamu za nje zilisimuliwa kwa Kiswahili. Msimulizi alishika maikrofoni, akatafsiri, akawapa waigizaji majina ya mtaani, akaeleza hata yale ambayo filamu yenyewe haikuyasema. Nilimpenda, na ninaamini alikuwa msanii kamili. Lakini kwa mpenzi wa muziki alikuwa ukuta: violini zilipopanda, naye alipanda. Titanic ya mwaka 1997 niliiona hivyo. Muziki wa James Horner nilikuwa nikiudokoa tu katika zile nafasi fupi alipokuwa akivuta pumzi. Nilipoipata kaseti ya muziki huo, nikaisikiliza yenyewe bila mtu wa kuongea juu yake, nikagundua kwamba nusu ya filamu ile nilikuwa sijaisikia.

Kaseti yenyewe ilikuwa ya kudurufu. Jalada lilikuwa fotokopi, na nyuso za waigizaji zilikuwa zimegeuka madoa meusi. Hata hivyo maandishi madogo yalisomeka. Hapo nikajifunza kwamba ile sauti ya mwanamke isiyo na maneno, inayopita juu ya bahari katika filamu nzima, si ya Celine Dion kama tulivyoamini wote. Ni ya Sissel, mwimbaji wa Norway. Celine Dion anaimba wimbo wa mwisho tu. Kipande cha karatasi kilichopigwa kwa mashine mbovu kilikuwa kimefanya kazi yake sawasawa. Kilimtaja mtu.

Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 watu walianza kurudi kidogo kidogo, nasi tukarudi, ingawa kaskazini mwa jiji milio ya bunduki ilikuwa haijatulia. Enzi hizo filamu za Kihindi ndizo zilizotawala mabanda ya video. Kuch Kuch Hota Hai ya Karan Johar, iliyotoka mwaka 1998, ilipigwa mpaka watoto wa Kinama, wasiojua neno la Kihindi, wakaziimba nyimbo zake kwa mpangilio. Na mtaa mzima uliamini kwamba Shah Rukh Khan ndiye anayeimba. Nilikwenda mtaa wa Buyenzi kutafuta kaseti, kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka dogo la vitambaa na muziki. Nikamwomba kaseti ya Shah Rukh Khan.

“Huyu haimbi, mwanangu,” akaniambia. “Huyu anafungua mdomo tu. Njoo usome hapa.”

Akaitandaza karatasi juu ya meza. Chini ya kila wimbo paliandikwa waimbaji wake: Udit Narayan, Alka Yagnik, Kumar Sanu, Kavita Krishnamurthy. Juu yao watunzi, Jatin na Lalit. Kumbe nyuma ya kila uso tuliokuwa tukiupenda kulikuwa na mtu mwingine, aliyesimama studio mbele ya maikrofoni, ambaye hatukuwahi kumwona. Nilirudi Kinama na habari hiyo nikaisambaza, na baadhi ya wasichana walikasirika kwelikweli.

Halafu zikaja CD, na muda si mrefu kompyuta, na vibanda vya kutia nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Mabadiliko haya sitayabeza, kwa sababu yalitupa vitu vingi mno. Dakika moja ya muziki kwenye CD huchukua karibu megabaiti 10. Ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 huchukua takriban megabaiti 1. Kadi ya megabaiti 512, ndogo kama ukucha, ilimeza zaidi ya saa nane za muziki. Mtoto wa fundi seremala, asiyeweza kamwe kununua albamu, akatembea na muziki wa filamu nyingi mfukoni. Angekimbia, angekimbia nao wote. Nani aliyelala kambini anaweza kuliona hilo kuwa dogo?

Sauti ililipa gharama yake. MP3 hupunguza uzito kwa kutupa yale ambayo sikio linadhaniwa halitayakosa, na kwa wimbo wa gitaa na ngoma si tatizo kubwa. Okestra yenye watu themanini ni habari nyingine: matoazi hugeuka mchanga, na pale vyombo vinapopigwa kwa upole sana husikika kitu kama maji yakitiririka kwa mbali. Isitoshe, mbano ule huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa faili. Muziki wa filamu mara nyingi hutiririka kutoka kipande hadi kipande bila kusimama, kwa hiyo katika simu nyingi palisikika pengo pale ambapo mtunzi hakuweka pengo. Hayo yote ningeyavumilia.

Nisichoweza kukivumilia ni “Track 01”.

Nieleze ilivyokuwa. CD ya kawaida ya muziki, kama Philips na Sony walivyoipanga kabla ya kuingia sokoni mwaka 1982, hubeba sauti na mpangilio wa nyimbo. Majina waliliachia jalada. Ukiitia CD kwenye kompyuta na majina yakatokea kwenye kioo, hayakutoka kwenye CD. Programu imeyaomba kutoka hazina fulani ya intaneti. Kibanda cha Kinama hakikuwa na intaneti. Kwa hiyo muziki ulinakiliwa, na kila wimbo ukapewa jina moja la kiwandani: Track 01, Track 02, Track 03. Kutoka kibandani ukaingia kwenye flashi, kutoka flashi kwenye simu, kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, mpaka Rumonge, mpaka Uvira, na hakuna aliyejua ni filamu gani, ni nani kapiga, ni mwaka gani. Baadaye intaneti ilipopatikana mambo yakaharibika kwa njia nyingine: pale palipotakiwa jina la msanii pakawekwa jina la tovuti ulikopakuliwa wimbo, au jina la kijana mwenye kibanda na namba yake ya simu.

Na nafasi ya kuandika ilikuwepo. Tangu mwaka 1996 faili la MP3 liliongezewa mahali pa kutia maelezo: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, kila jina lisizidi herufi 30. Mtunzi hakuwa na mahali pake pale mwanzoni, jambo linaloniudhi hadi leo, maana katika muziki wa filamu mtunzi ndiye mwenye nyumba. Kasoro hiyo ilirekebishwa miaka miwili baadaye. Kuanzia hapo kilichokosekana ni mtu wa kuketi na kuandika.

Mimi nilinunua daftari. Kila faili lililonipitia nililiandika, na palipokuwa na alama ya kuuliza nilikwenda kutafuta mwenye kujua. Kwa nyimbo za Kihindi nilirudi Buyenzi kwa mzee wangu. Kwa za Kikongo niliuliza mafundi wa gitaa. Vijana waliokuwa wakikutana kwenye kibanda cha jirani yetu, wapenzi wa filamu kama mimi, waliliona daftari hilo kama jambo la kizamani, na ubishi wetu ulikuwa mkali. Mmoja wao alinitupia hoja ambayo sikuwa na jibu lake. Albamu ya The Lion King ya mwaka 1994, alisema, ilikuwa na nyimbo tano za Elton John na Tim Rice, na vipande vichache tu vya muziki wa Hans Zimmer, ule uliompa tuzo ya Oscar. Muziki mwingine wa Zimmer ulisubiri mpaka mwaka 2014 ndipo ukatolewa kwenye CD mbili. “CD hizo umeziona wapi hapa Kinama, kaka?” Sikuwa nimeziona popote. Muziki huo ulitufikia kwa flashi, na usingetufikia kwa njia nyingine yoyote.

Moto nao ulisema upande wake. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua, na watu waliokuwa na mali ya maisha yao mle ndani walibaki na funguo za vibanda visivyokuwepo. Wauzaji wa kaseti na CD walikuwa miongoni mwao. Mei 2015, katika siku za jaribio la mapinduzi, vituo vya redio vilishambuliwa na kuchomwa: Radio Publique Africaine, Bonesha, Isanganiro, Renaissance. Watu walihesabu mitambo na ajira zilizopotea, na walikuwa na haki. Mimi niliwaza pia juu ya rekodi. Redio ndiyo maktaba ya nchi isiyo na maduka mengi ya muziki. Kilichonusurika ni kile ambacho tayari kilikuwa kimeshapenya kwenye simu za watu, kikiwa kimenakiliwa ovyo, bila mpangilio, mara nyingi bila jina. Ikabidi nikubali kwamba nakala elfu moja zilizotapakaa ni salama kuliko nakala moja iliyofungiwa kabatini.

Basi mpaka hapo mtu angesema faili limeshinda. Limeshinda kwa upande wa kuokoka. Kwa upande wa kutaja, hapana.

Rafiki mmoja aliyekuwa akiishi Ubelgiji alikuja likizo na CD ya muziki wa Fitzcarraldo, filamu ya Werner Herzog ya mwaka 1982 kuhusu mtu anayetaka kujenga jumba la opera katika msitu wa Amazon, na kwa ajili hiyo anaivusha meli nzima juu ya mlima. Muziki ni wa kundi la Popol Vuh la Ujerumani, pamoja na rekodi za kale za Enrico Caruso. Tuliisikiliza barazani kwetu, mchana. Katikati ya mambo hayo ya Ulaya zikaanza ngoma. Mzee wa jirani, ambaye ujanani aliwahi kupiga, alinyanyuka kitini. Alizisikia amashakwe zikishikilia mwendo usiobadilika, alizisikia ibishikizo zikimfuata kiongozi, aliisikia inkiranya yenyewe ikitoa amri. “Hizi ni zetu,” akasema. Tulisoma jalada, na kweli, kipande kile kimeandikwa kwa Kijerumani kwamba ni muziki kutoka Burundi.

Ngoma za Burundi, zilizolia mbele ya wafalme, zile ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, zilikuwa zinasikika katika filamu ya mto wa Peru. Kama CD ile ingetufikia kwa njia ya kibanda, kipande kile kingekuwa “Track” na namba tu, na mtu wa Lima au wa Berlin angedhani milele kwamba anasikia wenyeji wa Amazon. Jalada ndilo lililotushuhudia.

Lakini mzee hakuridhika. Alitaka kujua ni akina nani. Alidhani ni wa upande wa Gitega, kisha akasema hana hakika, kisha akaniomba nisome tena. Nikasoma tena. Hapakuwa na jina la mpigaji hata mmoja. Na haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1971 rekodi ya wapiga ngoma wetu iliyofanywa na Wafaransa iliwekewa piano na gitaa, ikauzwa Ulaya kwa jina Burundi Black, na waliouliza ni nani walioshika mirisho, zile fimbo za kupigia ngoma, hawakupata jibu kwenye lebo. Zilikuwa sahani za santuri, vitu vya kushika mkononi, vyenye karatasi nzuri na wino mzuri. Wino ulikuwepo na waliopiga hawakuandikwa.

Tangu mchana ule sikubishana tena na vijana kuhusu CD na flashi kwa namna ile ya zamani. Ninachouliza ni kimoja: hiki ulichoniletea kinaniambia nani amefanya kazi hii? Albamu isiyosema hilo haijanishinda kwa uzuri wa jalada. Faili linalosema, nalithamini kuliko rafu nzima. Nikipata fedha nitanunua CD, kwa sababu kwa kawaida ndiyo inayosema zaidi: wapigaji, mhandisi wa sauti, studio, mwaka. Nikishaisoma naandika kila neno ndani ya mafaili, kisha nayagawa kwa kila anayeyataka, ili yatapakae.

Najua wapo watakaosema kwamba msikilizaji wa kawaida hahitaji yote hayo. Tumtazame Kidum. Jean-Pierre Nimbona alizaliwa hapa Kinama, akaanza na ngoma na dramu akiwa mtoto, akakimbilia Kenya mwaka 1995, na Nairobi ikamfanya nyota wa Afrika Mashariki yote. Sauti yake hapa haihitaji jalada. Hata mtoto anayecheza barabarani atakwambia ni nani. Lakini mwulize mtoto huyo, au mwulize baba yake, nani alipiga besi katika nyimbo zile, nani aliitikia nyuma. Kati ya hao kuna vijana waliokulia mitaa hii hii na kujifunza vyombo katika bendi na kwaya za kaskazini. Mtu mwenye jina kubwa halindwi na faili wala na CD, anajilinda mwenyewe. Wanaohitaji kuandikwa ni hawa wengine.

Kwa muziki wa filamu hitaji hilo ni kubwa zaidi, maana kazi yake yenyewe ni kukaa nyuma ya picha. Burundi tuna filamu zetu tangu Gito l'ingrat, ambayo Léonce Ngabo, mwanamuziki kabla ya kuwa mwongozaji, aliitoa mwaka 1992. Tangu mwaka 2009 tuna tamasha letu la filamu, FESTICAB. Kila mwaka vijana wanatengeneza filamu fupi, na kila filamu ina mtu aliyeipigia kinanda, gitaa au umuduri, ule upinde wa muziki. Muziki huo hautatoka kwenye CD, hakuna atakayegharamia. Utawekwa mtandaoni, utapakuliwa, utapita kwenye vibanda, utafika Uvira na Kigoma ndani ya wiki.

Kijana wa kibanda cha jirani yetu, yule wa hoja ya The Lion King, siku hizi hampi mtu wimbo wa filamu kabla hajaujazia nafasi zake zote. Ameazima daftari langu na kulinakili kwenye kompyuta yake. Anachukua dakika chache kwa kila wimbo, na wateja wanamsubiri. Ninawaomba watengeneza filamu wetu wamtangulie, wafanye hivyo faili likiwa bado studio: filamu, mtunzi, waimbaji, wapigaji, mwaka, mji. Na kama kuna ngoma ndani yake, waandikwe waliozipiga, mmoja mmoja, kwa majina waliyopewa na wazazi wao.